Kamati yangu ilikuwa na foleni

Juzi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma hisabati diskreti kaniandikia: "Kaka, nimepata 31 kwenye jaribio la seti na mantiki. Naomba unitumie fomula zote." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nilipata 18.

Swali lililoniangusha silisahau: kuna watu 10, kamati ya watu 3 inaweza kuundwa kwa njia ngapi? Nikaandika 10 × 9 × 8 = 720, nikapigia mstari kwa maringo. Mhadhiri akasoma jibu langu mbele ya darasa, akauliza kama wajumbe wa kamati yangu wamepanga foleni. Kicheko kile bado nakisikia.

Usiku ule niliandika watu watatu tu: ABC, ACB, BAC, BCA, CAB, CBA. Mistari sita, kamati ileile moja! Kumbe kila kamati nimeihesabu mara sita. 720 gawanya kwa 6, 120.

Kwa hiyo, mdogo wangu, fomula sikutumii. Hisabati hii ni ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, basi vihesabu. Orodhesha seti ndogo zote za vitu 3, yaani makundi yote unayoweza kuchagua humo: ni 8, pamoja na ile tupu ambayo wengi huisahau. Za vitu 4 ni 16, maana kila kitu kipya kina mawili, kuingia au kubaki nje. Mantiki nayo ni jedwali la ukweli, yaani kuorodhesha kila hali ya kweli na si kweli, mstari kwa mstari.

Waliokariri walinipita hata jaribio la pili, sifichi. Wakaja kukwama kwenye grafu, yaani michoro ya nukta na mistari inayoziunganisha, kwenye swali la madaraja saba ya mji wa Königsberg: je, unaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Mwanahisabati Euler alishajibu mwaka 1736, lakini mimi nilichora. Vipande vinne vya ardhi, nukta nne; kila daraja, mstari. Ukiingia kwenye nukta sharti utoke, kwa hiyo madaraja yanatumika mawili mawili. Nukta yenye madaraja witiri inafaa kuwa mwanzo au mwisho tu. Pale moja ina 5, tatu zina 3 kila moja. Zote witiri! Haiwezekani. Safari hii niliitwa ubaoni, na hakuna aliyecheka.

Vijana mnapenda vya kumezeshwa. Acheni. Shika kalamu, anza na namba ndogo, jiulize kama mpangilio una maana. Na wewe uliyeniandikia, nitumie orodha ya kamati za watu 2 kutoka kwa watu 5. Zikifika 20, usinitumie kwanza.