Mzee wa Santuri Anajibu: Bluegrass Wapande Akina Nani?

Mwezi huu mmeniandikia sana kuhusu bluegrass, ule mziki wa banjo na fidla wa kule milimani Marekani, na barua nyingi zimetoka Malindi na Lamu, nimefurahi kweli. Nimechukua tano. Ya kwanza ntaijibu kwa kirefu manake hizo nyingine zote zimeshikana nayo.

SWALI: Salaam Mzee wa Santuri. Sisi ni marafiki wanne hapa Muyeye, Malindi, tunapenda kantri tangu utotoni, wazee wetu walikuwa wakituwekea Jim Reeves na Don Williams. Juzi tulikuwa tunatazama tamasha la bluegrass kwa simu tukaanza mchezo, kila mtu ataje waimbaji ambao angewapandisha staji kama tamasha ni lake. Ikawa vita. Mmoja kasema Dolly Parton lazima, mwengine akasema Dolly ni wa kantri, atoke. Wa tatu anamtaka Billy Strings peke yake usiku kucha. Mimi nikasema Alison Krauss, nikaambiwa ile ni sauti ya kulalia. Tuamulie tafadhali, manake mpaka leo hatusemezani vizuri.
*Wanne wa Muyeye, Malindi*

JIBU: Wanangu, Jim Reeves na Don Williams tuwaweke kando kwanza. Nawapenda wote wawili, lakini ile ni kantri ya taratibu, sauti ya kubembeleza. Bluegrass inakimbia. Ni banjo, fidla, mandolini (kijigita kidogo chenye mlio mkali), gita na besi kubwa ya kusimama, ala za nyuzi tupu bila umeme, ngoma kwa kawaida hakuna, mdundo unatoka kwenye nyuzi za mandolini zinazopigwa kwa mkato mkali zikijibizana na besi, alafu sauti ya mwimbaji inapanda juuuu mpaka wewe unayesikiliza ndo unatafuta pumzi.

Aliyeuanzisha ni Bill Monroe, mpiga mandolini, kazaliwa 1911 Rosine huko Kentucky. Bendi yake ikiitwa Blue Grass Boys na hapo ndo mziki ulipopata jina. Mwisho wa 1945 akaingia kijana Earl Scruggs na banjo yake aliyokuwa akiipiga kwa vidole vitatu, akamkuta Lester Flatt yuko kwenye gita, na waliyorekodi pamoja kule Chicago mwaka 1946 ndo hayo mpaka leo kila bendi ya bluegrass inajifunzia.

Sasa mi nikichagua mtu wa tamasha sitazami jina lake ni kubwa kiasi gani wala anajaza uwanja gani, natazama kajifunza kwa nani na anamfundisha nani. Tamasha la kwanza la bluegrass la siku kadhaa lilifanyika 1965 Fincastle, Virginia, muandalizi akiitwa Carlton Haney, na alichofanya ni kumuweka Bill Monroe staji kisha akawapandisha wanamziki waliowahi kupita kwenye bendi yake waje wapige naye tena, watu wakaona kwa macho yao mziki umetoka wapi na umefika wapi. Kwangu mimi huo ndo mpangilio bora wa tamasha niliowahi kuusikia, taarab ama bluegrass ama chochote.

Kwa hivo wa kwanza ni Del McCoury, na nashangaa nyinyi wanne hakuna aliyemtaja! Mzee wa 1939 huyo, 1963 aliimba na kupiga gita kwenye bendi ya Monroe mwenyewe, na miaka hii anapiga na wanawe wawili, Ronnie kwenye mandolini na Rob kwenye banjo. Wakiimba wanajikusanya mbele ya maiki moja, wa zamu yake anasogea, akimaliza anarudi nyuma mwengine anaingia, hawagongani hata kidogo. Tafuteni hiyo video muitazame wote wanne pamoja, mtapatana.

Dolly anaingia. Huyo aliyesema atoke asikilize albamu aliyoitoa 1999, bluegrass tupu, banjo na dobro (lile gita linalopigwa limelazwa) kila mahali, ikachukua Grammy ya albamu bora ya bluegrass. Dolly ni mtoto wa milima ya Tennessee, nyimbo hizo kazikuta nyumbani, hakwenda kuziazima ukubwani. Sharti langu ni moja tu, apande na bendi ya bluegrass, zile nyimbo zake za kibodi aziache siku nyingine.

Billy Strings ni haki yake. Amezaliwa 1992, gita kafundishwa nyumbani na baba yake wa kambo, Grammy ya bluegrass ya 2021 aliichukua yeye. Ana kasi ya ajabu na kizazi chenu anakijua. Ila usiku kucha peke yake hapana, muwekeni baada ya Del, hapo mtasikia mkono wa kijana unavojibu mkono wa mzee, ukimuweka peke yake hilo hulisikii.

Na Alison Krauss, jamani, sauti ya kulalia? Huyo mtu amsikilize akiwa na fidla mkononi, ameanza mashindano ya fidla akiwa mtoto mdogo, ana Grammy 27, na pembeni yake kwa miaka mingi kakaa Jerry Douglas kwenye dobro. Kuimba polepole bila kutetereka ni kazi ngumu kuliko kupiga kelele, na hili watu wa pwani tunalijua vizuri.

Wa tano ntawapa mimi, Sam Bush, mandolini. Kila mwaka tangu 1975 anapiga Telluride kule Colorado, tamasha lililoanza 1974, watu wanamuita mfalme wa pale. Hao ndo watano wangu, na sasa semezaneni.

SWALI: Assalam aleikum Mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Shela, Lamu. Mume wangu na nduguze wakikaa kuchagua wasanii wa hayo matamasha ya banjo wanataja wanaume tu, nikiuliza naambiwa ule mziki ni wa wanaume tangu mwanzo. Ni kweli?
*Mama wa Shela*

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Si kweli hata kidogo na uwaambie nimesema mimi. Kwenye bendi ya Bill Monroe mwenyewe, kabla hata Scruggs hajaja, alikuwepo mwanamke, Sally Ann Forrester, na alikuwa akipiga kodiani! Aliingia 1943, na kwenye rekodi za Monroe za 1945 yumo. Kodiani, ile ile tuliyoizoea kwenye taarab. Kwa hivo wale wanaosema bluegrass halisi ni ala hizi tano tu na wanaume tu, bendi ya muasisi mwenyewe inawakatalia.

Baadaye akaja Hazel Dickens wa West Virginia. Huyu nampenda sana, ntasema wazi. Katoka kwenye familia ya wachimba makaa ya mawe, kakake alikufa kwa maradhi ya mapafu ya machimboni, akamtungia wimbo, na akaendelea kuimbia wafanyakazi na wanawake maisha yake yote mpaka alipofariki 2011. Sauti yake si ya kupambwa, ni kavu, inakuingia. Miaka ya sitini yeye na Alice Gerrard walirekodi pamoja, wanawake wawili mbele na hakuna mwanamume wa kuwaongoza, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo zito. Wasichana wengi waliokuja kushika banjo baadaye walipita mlango huo.

Na kwa sasa muambie mumeo amtafute Molly Tuttle, 2017 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya mpiga gita bora wa mwaka na chama cha kimataifa cha bluegrass. Mpiga gita, si mwimbaji tu. Tamasha lisilo na mwanamke aliyeshika ala mkononi mi silihesabu kuwa limekamilika.

SWALI: Mzee mambo. Mi naona hizo listi zenu zote ni za wazungu. Kwani Beyoncé si ametoa kantri? Apelekwe basi kwa hilo tamasha tuone weusi nao.
*Kijana wa Langoni, Lamu*

JIBU: Poa mwanangu. Swali lako ni zuri kuliko unavofikiri. Beyoncé albamu ya 2024 ni kweli ameifanya na ina uzito wake, ila kwenye albamu ile kuna mtu anayepiga banjo, anaitwa Rhiannon Giddens. Mpeleke huyo kwanza.

Banjo asili yake ni Afrika. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi walikwenda na ujuzi wa kutengeneza ala za kibuyu, ngozi na nyuzi, mpaka leo Wajola wa Senegali na Gambia wanayo akonting, ukiiona na namna kidole kinavoipiga huhitaji kuambiwa. Weusi ndo waliopiga banjo kwanza Marekani, wazungu wakajifunza kwao. Na hata Bill Monroe alipokuwa kijana kule Kentucky alipiga kwenye dansi za usiku na mweusi mmoja, Arnold Shultz, fundi wa gita na fidla aliyefariki 1931, na Monroe mwenyewe alikuwa akisema wazi kwamba alichota kwake. Shultz hakuacha rekodi hata moja. Linaniuma sana hilo.

Giddens ni wa North Carolina, alijifunza na wenzake wa bendi ya Carolina Chocolate Drops kwa mzee mmoja mweusi mpiga fidla, Joe Thompson, walikuwa wakienda kukaa naye nyumbani kwake kumsikiliza na kupiga naye. Na hapa watu wa Lamu sikilizeni. Giddens na Michael Abels wametunga opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa, juu ya Omar ibn Said, mwanachuoni Muislamu wa Futa Toro, Senegali ya leo, aliyetekwa akafikishwa Charleston 1807 akafanywa mtumwa, na mwaka 1831 akaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiarabu. Opera hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer 2023. Mtu wa namna hiyo akishika banjo kwenye tamasha la bluegrass hakuna wa kumuuliza umefuata nini hapa.

SWALI: Mzee, tamasha linaitwa bluegrass alafu unakuta wameleta watu wa roki na gita za umeme. Huo si uongo? Sisi tunalipa bando kutazama banjo.
*Msomaji wa Barani, Malindi*

JIBU: Inategemea wamekwambia nini. Kuna tamasha la San Francisco, kwenye bustani ya Golden Gate, lilianza 2001 kwa pesa za tajiri mmoja mpenda banjo, Warren Hellman, na kuingia ni bure kabisa. Mwanzo likiitwa Strictly Bluegrass, yaani bluegrass tupu. Walipoanza kualika watu wa mziki mwengine wakabadilisha jina likawa Hardly Strictly Bluegrass, yaani si bluegrass tupu, wakawa wakweli kwa watu. Hilo sina neno nalo. Hellman alifariki 2011 na tamasha linaendelea, na Emmylou Harris, ambaye ni wa kantri zaidi kuliko bluegrass, limekuwa kama kwao. Mi mwenyewe Emmylou ningemualika bila kufikiri mara mbili.

Lakini jina likibaki bluegrass na banjo ikabaki ya kufungulia pazia saa tisa mchana jua kali, kisha usiku wote ni roki, hapo una haki ya kulalamika. Ni kama tulivoona taarab, unaitwa usiku wa taarab unafika unakuta kibodi moja na sidii, udi hakuna, fidla hakuna, mwimbaji anafuatisha mdomo. Mgeni apewe nafasi yake na akae vizuri, ila saa nzuri ya usiku apewe mwenye nyumba.

SWALI: Sheikh wangu, tuseme bendi ya bluegrass inakuja Lamu. Sisi tuwawekee nani hapo pembeni yao wasitushinde?
*Mkomani, Lamu*

JIBU: Wasitushinde na nini, ndugu yangu? Fidla tunayo, wanayo. Wao wana mandolini, sisi tuna udi. Wao wana banjo, sisi tuna taishokoto, ile ya vibonye kama taipureta iliyobuniwa Nagoya, Japani, 1912 ikafika huku kwetu na watu wa Mombasa wakaifanya yao kabisa kwenye chakacha, na mlio wake ule mkali wa kukimbia unakaa na banjo vizuri sana. Hiyo ndo ntaitafuta kwanza, kabla ya mwimbaji.

Zein l'Abdin, mpiga udi mtoto wa Lamu, hatunaye tangu 2016, Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab wa Malindi, hatunaye tangu 2014, wangekuwepo nisingeandika hata mstari. Kwa hivo msikimbilie jina la redioni. Ulizeni nani amekaa na wazee hawa, nani aliwabebea udi, nani alipiga dumbaki nyuma yao, wapo, wengine wako Mombasa na wengine mtaani kwenu hapo na hamuwaiti hata kwa harusi. Mpandisheni huyo na mwanafunzi wake mmoja, hata kama mwanafunzi bado anakosea.

Staji fanyeni uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, spika chache, na kibodi mtu asilete. Siku moja kabla wakalisheni pamoja mchana kutwa barazani, wageni na wenyeji, bila watazamaji, wapigiane nyimbo mpaka waipate moja wanayoiweza wote. Usiku ule nyimbo ya mwisho iwe hiyo, na maiki iwekwe moja tu katikati yao.