Rangi ya dukani kwenye picha ya Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na rangi za wasanii zitokazo Ulaya. Alichukua rangi ya mafuta ya dukani, ile ya baiskeli na milango, akaipaka kwenye vipande vya hadibodi vya mraba. Kopo hilo ndilo lililofungua mlango: mwenye bei ya rangi na brashi aliingia kazini bila kupita chuo chochote. Hata mng'ao na rangi kali zisizochanganywa zimetoka humo. Kwa hiyo wanaowashawishi vijana waiache rangi hii ya dukani ili waonekane wasanii kamili, tunawapinga.

Ila kopo lazima ulijue. Pesa nyingi iweke kwenye nyeupe. Kinachofunika ni unga mweupe uitwao titani dioksaidi, nayo ni ghali, ndiyo maana nyeupe rahisi hujazwa chaki. Paka kidogo juu ya gazeti: maandishi yakionekana baada ya kukauka, utapaka mara tatu badala ya mbili, na ule unafuu wa bei umekwisha.

Njano ina jambo zito zaidi. Njano rahisi yenye kufunika vizuri ilitokana na kromati ya risasi, unga wa njano wenye madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto, wakati picha nyingi huchorwa uani watoto wakiwapo. Tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, na picha ya zamani usiipige msasa ikiwa kavu. Njano nyingi zisizo na risasi hazifuniki sana. Twiga akipakwa moja kwa moja juu ya weusi atatoka na ukijani mchafu. Mpake nyeupe kwanza, mwache alale usiku mzima, ndipo umpe njano.

Ukitumia kitambaa cha amerikani badala ya hadibodi, kiwambe kwenye fremu, ziba nyuzi kwa rangi ya maji ya ukutani, kisha paka mandhari ya nyuma kwa rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba, ukiacha saa 24 katikati. Tapentaini sehemu moja kwa kumi za rangi yatosha. Ikizidi, mng'ao hufa. Rangi nene hukauka ngozi ya juu huku chini ikiwa mbichi, halafu hukunjamana.

Mteja anayesafiri kwa ndege atataka picha iviringishwe. Mpe iliyokauka angalau wiki moja, iviringe rangi ikiwa nje, juu ya bomba nene. Usiifunge kwa nailoni, hunata kwenye rangi. Weka karatasi ya kuokea juu ya rangi.