Umeongeza seva ya SAP na kwenye SM51 (skrini ya orodha ya seva) unaiona? Subiri kwanza usilale

Wadogo zangu mnaoanza Basis (kazi ya kusimamia mifumo ya SAP, programu ya kuendeshea kampuni), hii niliilipia mwenyewe, nyie someni bure. Siku bosi akisema yuza wamekuwa wengi, mfumo mzito, ongeza aplikesheni seva, wala usiogope. Unawasha SWPM (programu ya SAP ya kusimika seva), unaionyesha /sapmnt (folda la pamoja la seva zote) ya mfumo uliopo, profaili (faili za mipangilio) inazisoma yenyewe, ndani ya masaa machache imesimama. Hata leseni mpya huombi, maana leseni inashikana na mashine yenye mesiji seva (ile inayounganisha seva zote za mfumo), sio hii unayoongeza.

Vitu vya kukagua kabla vipo ila havina maneno mengi. Jina la hosti lisizidi herufi 13 (jamaa wa mitandao atakuletea jina refu kama treni, mkatalie). UID (namba ya utambulisho) ya sidadm (yuza wa Linux anayeendesha SAP) iwe ile ile ya seva za zamani la sivyo faili za /sapmnt zitakugomea. Fayawoli nayo, kama ASCS yako (sehemu inayobeba mesiji seva) ni namba 01 basi seva mpya lazima iifikie kwa porti 3901, na kama instensi mpya (SAP inayokimbia kwenye seva hiyo) ni namba 10 yuza wanaingia kwa 3210. Keneli (programu za msingi za SAP) zifanane, saa zifanane, basi.

Sasa balaa lenyewe. Wengi tunadhani seva ikishasimama inakaa tu hadi uiweke kwenye grupu za SMLG (zinazogawa yuza kwenye seva). Kwa yuza wanaoingia kupitia grupu ni kweli, lakini jobu za bakgraundi hazina habari na SMLG, seva ikiwa na wek prosesi za BTC (nafasi za kuendeshea jobu hizo) inaanza kudaka jobu yoyote ambayo haijapangiwa seva maalum, dakika hiyo hiyo, hata wewe bado unakunywa chai.

Mimi niliwasha yangu Jumamosi usiku. Lile folda la faili za benki nilikuwa nimelitengeneza, nikampa sidadm ruhusa, nikamaunti NFS (folda la mashine nyingine kupitia mtandao) kwa mkono, nikaona faili zote zipo nikaenda zangu nyumbani. Kwenye fstab (faili la maunti zinazojirudia mashine ikiwaka) sikuandika kitu. Jumapili mwenzangu akaweka pachi za linux akarestati mashine, maunti ikapotea, folda likabaki tupu ila lipo na ruhusa zake zote. Jumatatu usiku jobu ya mishahara ikaangukia seva mpya, ikaandika faili vizuri tu kwenye diski ya pale pale, SM37 (skrini ya hali za jobu) inasema imemaliza bila kosa lolote, na benki hawajapata kitu!! Kilichonichanganya zaidi ni kwamba jobu nyingine za folda hilo hilo zilikuwa zinafika, kumbe zile zilibahatika kuangukia seva za zamani. Nimelaumu benki, nimelaumu mtandao, hadi saa tano asubuhi mhasibu kasimama nyuma ya kiti changu ndo nikafungua AL11, na AL11 inakuonyesha folda za seva uliyologini tu, kwa hiyo kule nilipokuwa sikuona kitu. Nikaenda SM51, nikadabo-kliki seva mpya ikanihamishia huko, AL11 tena, faili ile pale imetulia.

Tangu siku ile naanza na rdisp/wp_no_btc = 0 kwenye profaili ya instensi mpya, sipokei jobu hata moja. Naandika fstab, narestati mashine nzima makusudi, halafu naingia AL11 kwa kila seva moja moja nalinganisha folda. Folda la chini ya maunti nalimilikisha kwa root, sidadm asiweze kuandika, ili maunti ikikosekana jobu ife kwa kelele. Hiki kidogo ndo ningetamani mtu angeniambia mapema. Baada ya hapo naongeza BTC mbili, naziangalia siku mbili tatu, kisha SMLG, na RZ12 (grupu za seva za RFC) kama kuna kazi za RFC (programu moja kuita nyingine) za sambamba.

Printa nazo mziangalie, spuli (foleni ya kuchapisha) ina vituko vyake.