Shangazi, baridi haiishi na watoto wananitoa roho

Shangazi, shikamoo. Naishi nchi ya baridi na watoto wawili, wa miaka minne na miwili. Mume wangu anatoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Mwanzoni mwa msimu nilijitahidi: tulipaka rangi, tulikata karatasi, tulijenga vibanda vya mashuka. Sasa nimeishiwa. Wao wanagombana kutwa, mimi nakaripia kutwa, na juzi nilijifungia chooni nikalia. Dada yangu anasema nadeka. Nitafikaje mwisho?
Mama Wawili

Marahaba, mdogo wangu.

Huyo dada mwache. Mtu ambaye hajawahi kumvisha mtoto wa miaka miwili buti, kofia na glavu, akampandisha zipu hadi kidevuni, halafu akasikia mkubwa anasema mkojo umembana, hana la kukwambia.

Ninachokiona kwenye barua yako ni kwamba umejipa kazi ya kuwachangamsha watoto tangu wanapoamka hadi wanapolala. Kazi hiyo haina anayeiweza, na mwezi wa mwisho wa baridi ndio humshinda kila aliyejaribu. Iache. Yako iwe moja tu kwa siku: kuwatoa nje asubuhi, kabla ugomvi haujaanza. Ukisubiri wakuchoshe ndipo mtoke, hamtatoka.

Dakika ishirini zinatosha kuanzia. Hata mawingu yakitanda, mwanga wa nje huuzidi mbali ule wa taa za sebuleni, na mwanga wa asubuhi husaidia mwili kujua usiku ni wa kulala. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa umri wa wanao wapate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku. Usishtuke, hazipatikani kwa mkupuo. Kuruka juu ya magodoro kumo, na kukimbizana ukumbini kumo.

Kuhusu kuvisha: choo kwanza, kwa wote, wakitaka wasitake. Kisha jivishe wewe, halafu mkubwa, mdogo awe wa mwisho, maana ndiye anayetoka jasho na kuanza kulia mlangoni. Nguo nyembamba mbili tatu zilizopandana huhifadhi joto kuliko moja nene. Inayogusa ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi. Sufu ni bora. Na glavu zisizotenganisha vidole zina joto zaidi, tena kuzivaa hakuna vita.

Mkisharudi ndani, kaa. Fanya shughuli zako, waache wachoke na kukosa la kufanya. Watalalamika robo saa, kisha watabuni kitu, na pengine kitakuwa cha fujo. Nusu ya vitu vya kuchezea ifungie kwenye sanduku, uibadilishe kila wiki. Kilichofichwa kikirudi huonekana kipya. Ile saa ngumu ya jioni, kwenye saa kumi na moja, watie kwenye maji ya vuguvugu hata kama si wachafu, nawe ukae papo hapo, usiwaache peke yao hata dakika moja. Televisheni nayo iwekee saa hiyohiyo. Mimi sioni dhambi katika katuni mbili. Naiona kwenye televisheni inayowashwa asubuhi na kusahauliwa.

Waulizie wote vitamini D kwa daktari. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, jua la miezi hii halina nguvu ya kuufanya mwili uitengeneze ya kutosha, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi.

Sasa hicho kilio cha chooni. Kikiwa cha siku moja, ni uchovu. Kikiwa karibu kila siku kwa wiki mbili, usingizi umeharibika na hata yale uliyoyapenda hayana ladha, huo ni ugonjwa, na tiba ipo. Sonona inayofuata majira ilielezwa na watafiti tangu mwaka 1984, na wengine hutibiwa kwa taa maalumu ya mwanga mkali asubuhi. Usijinunulie taa hiyo bila kumwona daktari, hasa kama una tatizo la macho. Na siku ukijiona unaelekea kuwadhuru watoto au kujidhuru, usingoje miadi: tafuta msaada saa hiyohiyo.

Limebaki la mumeo, ambaye kwenye barua nzima umemtaja mara moja tu. Anayo siku ya mapumziko? Asubuhi yake ni ya watoto, na wewe uwe nje ya nyumba. Usimwachie maelekezo, usipige simu kuuliza wamekula nini. Mwambie leo, kabla hajakaa. Kisha niandikie, hasa akisema hana muda, maana hilo nalo nina majibu yake.