Nyumba ya wageni au vyumba vya wanafunzi?

Ndugu yangu, umeuliza mtaji wako mdogo uuanzie hapa Zanzibar, Paje kwa watalii au Tunguu kwa wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tunguu. Wakati wa likizo vyumba hubaki vitupu, basi hesabu kodi ya miezi 9, si 12.

Kazi kubwa ni kiwanja. Muulize sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, kama kimekatwa kwenye eka 3 zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964; hizo hupewi ruhusa ya kuzinunua. Kama ni mirathi, kila mrithi atie saini, hata aliyeko Oman. Na minazi je? Kwetu ardhi huweza kuwa ya huyu na mti wa yule, kwa hiyo mkataba utaje vyote viwili. Maji ya kisima yaonje kabla hujatoa arubuni.