Re: Gitaa la umeme sauti kiduchu baada ya kubadilisha waya

Mkuu, kama waya zote za ndani ya gitaa ni mpya na sauti bado inasikika kwa mbali usikimbilie kununua pikapu (kile kidude chenye sumaku chini ya nyuzi kinachonasa sauti), chomeka kebo kwenye gitaa, voliumu fungulia yote, halafu chukua mita ya umeme, iweke kwenye kupima ukinzani (ohm), pima plagi ya ule mwisho mwingine wa kebo, waya mmoja wa mita kwenye ncha na mwingine kwenye shina lake. Pikapu ya koili moja (msokoto mmoja wa waya mwembamba) ikiwa nzima mara nyingi inasoma kama kiloomu (ohm elfu) 5 mpaka 8, ikikaribia sifuri kuna shoti, ikisoma mamia ya kiloomu ujue koili imekatika. Jeki, tundu la kuchomekea kebo, nayo icheki, hewa ya bahari hapa Tanga haina huruma, inaota ukijani ndani na lehemu haishiki, isugue kwanza. Ila kama pikapu moja moja iko poa na zikiwa pamoja ndo sauti inakuwa nyembamba, basi moja umeigeuza waya zake mbili, zibadilishane nafasi tu.