Kabla ya kuchora ramani ya wadau, kaa nje ya kituo cha polisi

Ukiingia kwenye kazi ya mageuzi ya polisi na mahakama, utakabidhiwa orodha iliyo tayari ya wadau, yaani watu na taasisi wanaoguswa na kazi hiyo, ambayo ndiyo huchorewa ramani: kamanda wa kaunti, hakimu, mwendesha mashtaka, chifu, shirika moja mawili. Ipokee, ila usiiamini bado.

Mimi niliiamini, kwenye mji mmoja wa Kenya, miaka michache baada ya Katiba ya 2010. Ramani tuliibandika ukutani, ikapendeza. Kisha siku moja nikashinda kwenye benchi nje ya kituo. Mama mmoja alikuja mara tatu kuitafuta fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha ya aliyeumizwa; mwanawe kapigwa, daktari hawezi kujaza kitu bila hiyo fomu. Kila alipotoka mikono mitupu alivuka barabara kwa mzee muuza miraa. Mzee huyo ndiye aliyejua zamu ni ya nani, azungumziwe vipi, na upande wa pili uko tayari kutoa nini yaishe. Kwenye ramani yetu hakuwepo. Wala yule mama.

Tangu hapo naanza na swali moja: mtu akiumizwa hapa usiku, humkimbilia nani kwanza? Waulize wanawake peke yao na vijana wa bodaboda peke yao. Mbele ya chifu, kila mtu atakwambia ni chifu.

Halafu uliza mageuzi yanamnyima nani riziki au heshima. Polisi walianza kupigwa msasa, yaani kuchunguzwa kama wanafaa kubaki kazini, mwishoni mwa 2013, wakianzia na wakubwa; zamu ya askari wa chini ilipofika, naye aliulizwa mali yake ilitoka wapi, ilhali wengine walikuwa wakilala na familia zao chumba kimoja na mwenzao, katikati pazia. Ukimwandika kama kikwazo tu, umempoteza mtu ambaye angekueleza mengi.

Wazee nao wapime kwa makini. Kule Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, koo zilipopigana miaka ya 1990, wanawake, mwanaharakati wa amani Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia sokoni kwa kuhakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua. Wazee wa koo wakaja kuketi baadaye. Amani ilipatikana. Lakini vikao vya wazee vya kusuluhisha kimila, vinavyoitwa maslaha, hutumika pia kumaliza kesi za ubakaji: wanaume wanakubaliana fidia, msichana hayumo kikaoni. Ukiandika “wazee” kwenye kisanduku kimoja, huyo msichana humwoni. Mtengee nafasi yake kwenye ramani, na umtafute mtu anayeaminiwa naye kabla ya kuomba kikao na mzee yeyote.